Lugha Kubwa ni Ile Iliyopewa Kazi

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, hotuba nyingi husomwa nchini kuhusu lugha yetu ya taifa. Tarehe hiyo ilitangazwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani na UNESCO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, katika Mkutano wake Mkuu mnamo 23 Novemba 2021. Ilichaguliwa kwa kukumbuka siku ya mwaka 1954 ilipozaliwa TANU, chama kilichokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kudaia uhuru. Katika hotuba hizo hutajwa kwamba wasemaji wa Kiswahili wamezidi milioni 200. Makofi hupigwa, na watu hutawanyika.

Mwananchi akitoka katika mkutano huo akafungua orodha ya lugha zenye wazawa wengi zaidi duniani, hukitafuta Kiswahili asikione katika ishirini za mwanzo. Hapo baadhi yetu huvunjika moyo, wakasema kumbe tulikuwa tukijisifu bure. Wengine hukasirika, wakadai kwamba orodha hizo hutungwa na mabeberu kwa nia ya kutudunisha. Safu hii leo inakusudia kueleza kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba kosa hilo lina madhara, maana linatupotosha katika jambo zito linalowahusu watoto wetu, nalo ni lugha wanayofundishiwa.

Tuanze na orodha yenyewe. Kichina cha Mandarini ndicho kinachoongoza, kikiwa na wazawa zaidi ya milioni 900. Kihispania kinafuata kwa kiasi cha milioni 480, kisha Kiingereza chenye kiasi cha milioni 380 hadi 390, na Kihindi kiasi cha milioni 345. Baada ya hizo huja Kireno na Kibengali, kila kimoja kikiwa na wazawa zaidi ya milioni 200, halafu Kirusi karibu milioni 150 na Kijapani karibu milioni 120. Tunaposema wazawa tunakusudia wale walioipata lugha nyumbani tangu utotoni, kabla ya kuijua nyingine yoyote.

Ukubwa huo una sababu zake. Kichina na Kihindi ni vikubwa kwa kuwa nchi zake zina watu wengi tangu zamani. Kihispania, Kiingereza na Kireno vilikuzwa na merikebu, bunduki na utumwa. Ureno ina watu kiasi cha milioni 10 tu, lakini Brazil, iliyokuwa koloni lake, ina zaidi ya milioni 200. Wengi wa Wabrazili hao ni wajukuu wa watu ambao babu zao hawakuwa wakisema Kireno: wenyeji wa nchi ile, na Waafrika waliopelekwa huko kwa minyororo. Yafaa tulikumbuke jambo hili, kwa sababu linafanana na historia yetu wenyewe ya Ujiji, ambayo tutaieleza hapa chini.

Kadhalika, hesabu ya lugha hutegemea mwenye kuhesabu ameuweka wapi mpaka baina ya lugha na lugha. Wakazi wa Kigoma hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mha wa Kasulu akivuka mpaka kuingia Burundi husikilizana na Mrundi pasipo mkalimani, na Mrundi na Mnyarwanda nao husikilizana. Hata hivyo, katika orodha za dunia Kiha, Kirundi na Kinyarwanda huandikwa kuwa lugha tatu. Lau zingehesabiwa pamoja, zingepata wazawa zaidi ya milioni 20. Kiarabu nacho wako wanaokihesabu kuwa lugha moja yenye wazawa zaidi ya milioni 300, na wako wanaokigawa kwa lahaja za Misri, Sudani, Maghribi na kwingineko, kikashuka daraja. Kiswahili hakikusalimika. Baadhi ya orodha hukitenga Kiswahili cha Kongo kuwa lugha mbali, eti kwa kuwa ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa husema "batu" pale tusemapo "watu".

Hapa nchini shaka hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu sisi wenyewe hatuna hesabu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza kabila la mtu. Tangu hapo Taifa liliona ni busara kutomwuliza raia swali hilo, na uamuzi huo umetusaidia kujenga umoja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kati yao takriban 2,470,000 katika Mkoa wa Kigoma na takriban 1,890,000 Zanzibar. Lakini hesabu hiyo haituambii ni wangapi waliokisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mama zao. Kwa hiyo idadi ya wazawa wa Kiswahili ni ya kukadiria, nayo makadirio huanzia milioni chache hadi zaidi ya milioni 10. Hata idadi ya wasemaji wote haikubaliwi na wote: UNESCO hutaja zaidi ya milioni 200, na wako wataalamu wanaotaja chini ya milioni 100. Kiongozi anayejenga hoja juu ya takwimu za namna hiyo anajenga juu ya mchanga wa ufukweni.

Basi ikiwa idadi ya wazawa haitufai kuwa kipimo, tupime kwa nini? Hebu tutazame lugha za dunia kwa jicho jingine. Kiingereza husemwa na watu kiasi cha milioni 1,500, na karibu robo tatu yao hawakuzaliwa nacho. Kifaransa kina wazawa kiasi cha milioni 80 tu, lakini wanaokitumia wamezidi milioni 300, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo milima yake huonekana kutoka Bangwe siku ya anga safi, imo katika nchi zenye watumiaji wengi kabisa wa lugha hiyo. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali twajua kwamba Kiarabu cha Kurani husomwa kila siku na mamilioni ya watu wasiokuwa Waarabu, kuanzia Ujiji hadi Indonesia. Lugha hizo hazikupata nguvu kwa sababu ya vitanda vya uzazi peke yake. Zilipewa kazi ya ibada, ya utawala, ya elimu au ya biashara, na watu wakazifuata kazi hizo.

Mfano unaotukaribia zaidi ni huo wa Indonesia. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana wa visiwa vile, waliokuwa chini ya ukoloni wa Waholanzi, walikula kiapo cha kuwa na nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja. Lugha iliyokuwa na wazawa wengi kuliko zote ilikuwa Kijava. Hawakuichagua. Walichagua lugha iliyotokana na Kimalayu, iliyokuwa na wazawa wachache lakini iliyokuwa ikitumika tangu zamani bandarini na sokoni baina ya kisiwa na kisiwa. Katiba yao ya mwaka 1945 ikaifanya kuwa lugha ya dola, nayo ikawekwa shuleni, mahakamani, magazetini na katika vyuo vikuu. Ilipofika sensa ya mwaka 2010, zaidi ya watu milioni 40 walikuwa wakiitumia kuwa lugha yao ya kwanza nyumbani, mbali ya mamilioni mengine wanaoijua kuwa lugha ya pili. Wazawa walipatikana baada ya lugha kupewa kazi.

Sasa turudi kwetu. Rasi ya Bangwe imeingia ziwani baina ya mji wa Kigoma na mji mkongwe wa Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwa kupitia Tabora ilikwisha kuwapo, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika. Kilikuja vinywani mwa wafanyabiashara kutoka Unguja na Mrima, na mwa wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wamejifunza njiani. Si vema kuipamba historia hiyo. Kiswahili kilifika hapa pamoja na pembe za ndovu na pingu za watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, na wenzake walivuka ziwa kuingia Umanyema, na watu wengi wa huko waliletwa upande huu bila hiari yao.

Watu wale hawakuzaliwa na Kiswahili. Walijifunza kwa shida, pamoja na Waha, Wabwari, Wabembe, Wagoma na Watongwe waliokutana nao ufukweni. Lakini watoto wao walizaliwa nacho, na wajukuu wao hawajui lugha nyingine ya nyumbani. Wazawa wa Kiswahili tulio nao Ujiji leo, kwa sehemu kubwa, ni kizazi cha wanafunzi wa jana. Lugha iliyoletwa kwa kutumikisha watu, wao wameifanya lugha ya kuozeshana, kuzikana, kusomea na kuvulia. Hiyo ni kazi waliyoifanya wenyewe, wala hawakusaidiwa na orodha yoyote ya dunia.

Ndugu zetu wa Visiwani nao wana sehemu yao katika historia hii. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, ikaachwa Kimvita iliyokuwa na utajiri mkubwa wa mashairi. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa maneno mafupi, Unguja ilitoa lahaja na bara ikatoa wasemaji. Hakuna upande unaoweza kujigamba kwamba Kiswahili ni chake peke yake, wala hakuna unaoweza kujivua dhima.

Baada ya Uhuru dola iliongeza kazi za lugha hii. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania Bara, na mwaka huohuo sheria ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza, iliwafikia watu wazima kiasi cha milioni 2. Walijifunza juu ya malaria, kuhara na kichocho kwa lugha waliyoielewa, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kwa hesabu za Serikali, watu wazima wanaojua kusoma na kuandika walitoka takriban theluthi moja miaka ya mwisho ya 1960, wakafika takriban asilimia 90 mwaka 1986. Wengi wa watu hao hawakuwa wazawa wa Kiswahili. Walikuwa Wasukuma, Wagogo, Wamakonde na Waha, nao walikuwa wakikitumia kwa sababu kilikuwa na faida katika maisha yao.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha makala hii. Lugha ambayo ilimfundisha mkulima kujikinga na malaria inaambiwa kwamba haifai kumfundisha mtoto wake biolojia. Mtoto wa Bangwe huwajua samaki tangu akiwa mdogo: dagaa, mgebuka, kuhe, sangala. Hujua yupi huvuliwa usiku kwa taa, yupi hukaa kwenye mawe, na dagaa hupungua majira gani. Mtoto huyu anapoingia kidato cha kwanza, somo linalohusu viumbe haohao hufundishwa kwa lugha ambayo hana. Aghalabu hukariri asichokielewa, akaandika katika mtihani sentensi za kitabu, na ujuzi wake wa ziwani ukabaki nje ya mlango wa darasa. Akishindwa, huambiwa kuwa hana akili.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985, na hatimaye kifike vyuo vikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu. Waliona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia, hata hivyo Kiingereza kikaendelea kuachwa na kazi hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilisema Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Hilo nalo halikutekelezwa, na toleo la mwaka 2023 la sera hiyo likakiacha Kiingereza katika sekondari.

Visiwani mambo yana funzo kali zaidi. Huko karibu kila mtoto huzaliwa na Kiswahili, na lahaja ya huko ndiyo mama wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5 la shule ya msingi. Ikiwa idadi ya wazawa ndiyo ngao ya lugha, basi ngao hiyo ingeonekana Unguja na Pemba kabla ya mahali pengine popote. Haikuonekana. Lugha inaweza kuwa na wazawa mia kwa mia katika nchi yake, na bado ikanyang'anywa kazi mbele ya macho yao.

Wako wanaotoa hoja za kukiacha Kiingereza mahali kilipo, nazo zafaa zijibiwe kwa heshima. Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Hao wakumbushwe kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Istilahi zipo, ila zimekosa darasa la kutumikia. Wapo wasemao kwamba tutajitenga na dunia. Wajapani na Waindonesia hufundisha sayansi kwa lugha zao na bado wanafanya biashara na dunia nzima, kwa kuwa Kiingereza hukifundisha kama somo. Nasi Kiingereza tunakihitaji, na kingejulikana vizuri zaidi lau kingefundishwa na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, kuliko kutawanywa katika masomo yote na walimu ambao wengine wao hawakimudu.

Hoja ya tatu ni ya gharama, nayo ina ukweli. Kutafsiri vitabu, kuwaandaa walimu upya na kutunga mitihani ni kazi ya fedha na miaka. Hatusemi ifanyike kwa tamko la siku moja. Lakini gharama ya mfumo wa sasa nayo ihesabiwe: vijana wanaotoka kidato cha nne bila Kiingereza wala ujuzi, na vitabu vinavyonunuliwa visielewe mtu. Hoja ya nne ni kwamba wazazi wenyewe hukitaka Kiingereza. Ni kweli, na wazazi hao si wajinga. Wanaona mitihani, usaili wa kazi na nyaraka za ofisi vinadai lugha hiyo, na wanaona pia viongozi wanaokisifu Kiswahili majukwaani wakiwapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza. Mvuvi akiona nahodha amevaa jaketi la kuokolea maji yametulia, ataanza kuuliza habari za chombo.

Katika kukitetea Kiswahili, tusije tukawatendea wengine kama tunavyotendewa. Kiha ni lugha ya watu zaidi ya milioni moja, nacho ndicho kinachosikika nyumbani katika Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe. Wamo wazee wasiokimudu Kiswahili vizuri, na wamo watoto wanaokutana nacho kwa mara ya kwanza siku ya kuandikishwa shule. Ofisa anayemkaripia bibi kizee zahanatini kwa kuwa amejieleza kwa Kiha hamsaidii mgonjwa wala hakikuzi Kiswahili. Mwalimu wa darasa la kwanza anayeweza kumfafanulia mtoto neno kwa Kiha anamjengea daraja la kukifikia Kiswahili. Lugha ya taifa haihitaji kuzima lugha za wananchi ili ing'are.

Ni vema pia tutazame ng'ambo. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za kitaifa za Kongo, nacho husemwa Kalemie, Uvira, Baraka na Fizi. Bujumbura kina mtaa wake wa siku nyingi, Buyenzi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikaingia mwaka 2022. Agosti 2019 nchi za SADC zilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mataifa haya yanatazamia walimu, vitabu na wakalimani kutoka kwetu. Tutawapa nini, ikiwa kidato cha kwanza hatuna kitabu cha fizikia kwa lugha hiyo tunayowahimiza waisome? Na mfanyabiashara wa Kongo anayeshuka bandarini kwetu akisema "batu" asichekwe, maana amekuja na Kiswahili kilichotoka hapa hapa Ujiji zaidi ya karne moja iliyopita, na kikaishi huko bila msaada wa dola yetu.

Hatukosi mfano mzuri wa hatua iliyochukuliwa. Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa miaka mingi mwananchi alishtakiwa, akahukumiwa na kupewa nakala ya hukumu asiyoweza kuisoma. Kazi ya kutafsiri sheria zote ni ndefu, lakini mlango umefunguliwa, na walioufungua hawakungoja kwanza Kiswahili kiingie katika lugha kumi za mwanzo duniani.

Kutokana na hayo tunatoa rai nne kwa Chama na kwa Serikali zote mbili, ya Muungano na ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwanza, mwanafunzi wa sekondari aruhusiwe kujibu mitihani ya masomo kadhaa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza kwa hiari yake, kuanzia masomo ambayo vitabu vyake vinaweza kupatikana mapema. Pili, uwekwe mpango wa miaka unaojulikana, wenye fedha katika bajeti, wa kutafsiri vitabu vya sayansi na kuwaandaa walimu, na Kiingereza kiimarishwe kama somo. Tatu, BAKITA na Baraza la Kiswahili la Zanzibar washirikiane kukusanya maneno ya wavuvi, mafundi mitumbwi na wakulima wa michikichi wa mwambao huu, kama yalivyo ya wavuvi wa Pemba na Mafia, yaingie katika kamusi na vitabu vya shule. Nne, matangazo ya bandarini, miongozo ya usalama wa vyombo na fomu za forodha katika ziwa hili yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, ili msafiri wa Kibirizi na wa Uvira asome mwenyewe pasipo kumtafuta dalali.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mzazi amwulize mwalimu mtoto wangu ameelewa nini, asiishie kufurahi kwamba mtoto amesema neno la Kiingereza. Ofisa aandike barua ambayo mwandikiwa ataielewa. Mwandishi wa habari asikimbilie neno la kigeni ilhali lipo la wavuvi lenye maana ileile.

Tukiyafanya hayo, orodha za lugha za dunia zitakuja kubadilika zenyewe kwa wakati wake, kama zilivyobadilika kwa Kiindonesia. Zisipobadilika, hatutakuwa tumepoteza kitu, maana mtoto wa Bangwe atakuwa amesoma habari za samaki wake akazielewa. Tarehe 7 Julai ijayo, msomaji wa hotuba na atuambie Kiswahili kimeongezewa kazi gani tangu Julai iliyopita.